Maji ya Jumapili

Léocadie hatoi kitanda nje. Nililijua hilo Septemba ya mwaka juzi, aliponichukua nikamsaidie kazi nyumbani kwa Madam wake, kule kaskazini mwa jiji, ukingoni mwa bwawa. Mgongo ulikuwa unamsumbua na peke yake asingemaliza. Tulitoa magodoro yote tukayaanika kwenye majani. Tukatoa mazulia, mito, viti, hata ile saa kubwa ya ukutani ambayo haijawahi kusema saa ya kweli. Tulipofika kwenye vitanda vyenyewe nikashika upande mmoja, nikamwambia anyanyue. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mama Bushra, acha. Kitanda hakitoki."

"Sasa sakafu tutaipakaje nta?"

"Tunakisukuma huku, tunapaka kule. Kisha tunakisukuma kule, tunapaka huku."

Kwao Kalemie, mji wa Kongo kando ya ziwa kubwa, akanieleza huku anasukuma, kitanda kinatoka nyumbani siku moja tu, siku ya msiba. Ndugu na majirani wanaondoa vitanda na meza ili waombolezaji wakae chini. Anayekitoa bila sababu anaiita sababu. Nikamcheka. Nikamwambia kama ni hivyo sisi watu wa Tanga tungekuwa tumekwisha wote, maana kunguni wa utotoni mwangu walitufanya tuanike vitanda juani kila mwezi. Hakucheka. Vyumba vitano, vitanda saba, tukavisukuma huku na kule siku nzima kwa ajili ya imani yake, na jioni mgongo ukaniuma mimi.

Jina langu Zabibu. Nashona na kurekebisha nguo, cherehani yangu iko chini kabisa ya jengo letu la Berea, hapa Johannesburg, pembeni ya mlango. Wananiita Mama Bushra kwa sababu ya binti yangu aliyebaki Tanga na mama yangu. Léocadie na mimi tumekaa chumba kimoja ghorofa ya tatu kwa miaka saba sasa, kitanda chake upande wa dirisha, changu upande wa mlango, katikati pazia. Yeye anasali rozari, mimi naswali. Tulichokosania ni redio tu, na dagaa wake, ambao anawakaanga bila kufungua dirisha.

Nilitaka kuandika juu yake kwa sababu watu wanaopanda ngazi zile wanamwona mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, amefunga kitambaa, amebeba mfuko mweusi, wanampita. Na pia nataka kuandika kwa sababu nilimkosea. Nimeona nilitangulize hilo ili nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Huku miti inachanua kabla ya mvua. Kwetu kuna masika na vuli na kiangazi, kila kitu kinajua zamu yake. Johannesburg mwezi wa tisa bado ni vumbi na moshi wa majani yanayochomwa kandokando ya barabara, midomo inapasuka, na katikati ya ukavu huo mipichi inatoa maua ya waridi kana kwamba haikusikia habari. Léocadie aliyachukia maua hayo. Alisema yanamkumbusha kwamba mwaka mwingine umeingia na yeye yuko palepale.

Madam ni mjane mzee. Baridi ikianza anaikimbia, anakwenda kukaa kwa binti yake ng'ambo, nyumba inafungwa, viti vinafunikwa mashuka meupe. Akirudi, Septemba, lazima nyumba ifunguliwe kabla ya ile sikukuu ya mwisho wa mwezi ambayo watu wote wa nchi hii huchoma nyama. Kazi hiyo ni ya Léocadie, na inachukua siku tano, analala hukohuko. Anafuta masizi kwenye meko ya ukutani na majivu anayapeleka kwenye mawaridi. Anafua blanketi kumi na moja. Anapanda ngazi kutoa majani makavu kwenye mifereji ya paa, maana mvua ya kwanza ikikuta imeziba, maji yanaingia darini. Anaokota mavi ya mabata wa bwawani, na kuwafukuza hadida, wale ndege wa midomo mirefu wanaopiga kelele kama wamekanyagwa. Mwisho kabisa anashuka kwenye gati, njia ya mbao inayoingia majini hatua kama ishirini, anaisugua kwa brashi ya waya mpaka utelezi wa kijani utoke, kisha anaosha boti ambayo hakuna anayeipanda.

Bwawa lenyewe alikuwa analidharau. "Hili ziwa la kunawia mikono," alisema tulipokuwa tumekaa kwenye gati tukila mkate. Kwao, alisema, ukisimama ufukweni huoni ng'ambo siku ya mawingu, na mawimbi yanagonga ukuta wa nyumba ya mama yake, na miaka hii maji yamepanda mpaka mti wa limau wa uani umekufa. Alisema hayo akiwa ametumbukiza miguu kwenye maji ya Madam. Nikaona anavyoipiga piga taratibu, kama mtu aliyezaliwa hivyo.

Sasa nieleze habari ya baraka.

Kwao, mtoto akisafiri safari ndefu, mama anachota maji ya ziwa kwa kiganja, anamnawisha uso, anasema, "Nenda, urudi." Ni hayo tu. Ndugu zake wote walinawishwa, hata yule kaka aliyekwenda Lubumbashi na kurudi baada ya wiki mbili. Léocadie hakunawishwa. Mama yake alikuwa amekataa asiende Afrika Kusini, wakagombana mwezi mzima, na Léocadie akaondoka siku ya Jumatano mama akiwa sokoni anauza ndakala, dagaa wa kwao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, akili timamu, na akaondoka kama mwizi.

Mama hakumtupa. Walizungumza kwa simu kila wiki, juu ya samaki, bati, homa za watoto wa Clémentine, mdogo wake aliyebaki nyumbani. Lakini mwisho wa mazungumzo, pale ambapo mama zetu wote husema Mungu akubariki mwanangu, mama yake Léocadie alisema, "Haya," akakata. Miaka kumi na minne, haya, akakata. Alipoombwa alijibu kwamba baraka ni ya mkono na maji, haipiti kwenye simu, anayeitaka aje aichukue. Na Léocadie hangeweza kwenda, kwa sababu karatasi zake ni za mkimbizi anayeomba hifadhi, ukitoka nazo huna pa kurudia.

Mimi sikuamini mambo hayo, na nilimwambia. Yeye aliamini mpaka kwenye mifupa. Ombi lake la makazi lilipokataliwa alisema ni ile baraka. Mume wake Mkongo alipohamia Durban na mwanamke mwingine, ni ile baraka. Mimba mbili zilizotoka, sikuthubutu kumuuliza, lakini nilijua anasema nini moyoni.

Mwaka jana mwezi wa nane mama akaugua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Na ugonjwa ulifanya kile ambacho miaka kumi na minne haikufanya. Jumapili moja Clémentine alipiga akasema mama amekubali. Atafanya kwa simu, ile ya kuonana sura. Ila si hivi hivi. Mama atakuwa na beseni la maji ya ziwa magotini, na Léocadie naye awe na maji ya ziwa, mama akinyoosha mkono kule, Léocadie ajinawishe huku. Maji ya bomba hayakubaliki. Iwe Jumapili baada ya misa, saa kumi ya huku, na mama alitaja Jumapili ya mbele kidogo, kwa sababu yule kaka wa Lubumbashi, aliyekuwa amesafiri tena, naye alitaka awepo.

Nikamwuliza Léocadie atatoa wapi maji ya ziwa Johannesburg. Akacheka, na sijui kama nimewahi kumwona akicheka vile, meno yote. Wiki ya kuelekea Jumapili hiyo ilikuwa ya kufungua nyumba ya Madam. Angekwenda Jumatatu, arudi Ijumaa na chupa yake.

Aliondoka Jumatatu hiyo alfajiri, akaimba kwenye ngazi.

Mama yake alifariki Jumatano asubuhi.

Clémentine hakumpigia Léocadie. Alimpigia Papa Ignace, mkubwa wa jumuiya yao ya sala hapa Berea, mlinzi wa duka, mtu mzima mwenye sauti ndogo. Papa Ignace akaja kwenye cherehani yangu mchana akiwa na sare ya kazi, kofia mkononi. Aliponiambia, jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua simu. Akaifunika kwa kiganja chake.

"Hapana, mama. Ile habari kwetu hatusemaka ku simu."

"Papa Ignace, amefiwa na mama yake."

"Ndiyo sababu. Iko peke yake kwa wazungu. Akianguka, nani atamushika? Mutu anaambiwa akiwa ameketi, kati ya watu wake. Ijumaa anarudi. Tutakuwa hapa wote. Jumamosi saa nne ni maziko, ataona kwa simu, tutamushika mkono. Nakuomba, mama. Siku mbili tu."

Kwetu Tanga mtu akifa asubuhi, adhuhuri jina limeshatangazwa msikitini, alasiri yuko kaburini, na anayestahili kuambiwa anaambiwa hata akiwa chooni. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini nikajiuliza mimi ni nani, Mswahili wa Tanga, kuwafundisha watu namna ya kumlilia maiti wao. Nikasema sawa. Hakuniapisha wala sikuapa. Nilisema sawa, basi, nikarudi kwenye suruali niliyokuwa napunguza, nikaikata fupi mno.

Jambo moja la kujua ni kwamba simu haishiki kwenye nyumba ya Madam. Ni ya mawe, kuta nene, na bonde linaifunika. Wenyewe wana intaneti yao ambayo hakuna aliyewahi kumpa Léocadie namba zake za siri. Mahali pekee simu yake inapoamka ni mwisho wa gati, pale kwenye ubao wa mwisho. Kwa hiyo alikuwa anashuka mara moja kwa siku, mchana, akimaliza kula.

Ijumaa mchana akanipigia. Nilikuwa nimekwisha kununua chai na sukari ya wageni wa jioni, mifuko iko miguuni pangu.

"Mama Bushra, unanisikia?"

"Nakusikia. Umeshatoka?"

"Bado. Niko huku juu ya mbao. Sikiliza, Madam anaomba nibakie mpaka kesho. Boti haijaoshwa na hizi mbao ziko na utelezi mubaya, wajukuu wake wanafika Jumapili. Anasema kesho atanipeleka yeye mwenyewe mpaka kwa teksi. Jumapili nitakuwa nyumbani, saa kumi haijafika."

Nilisikia mabata nyuma yake.

"Ila roho yangu haitulii," akasema. "Jumanne jioni mama alinipigia mara mbili, sikusikia, simu ilikuwa ndani. Tangu Jumatano nampigia, hapatikani. Clémentine hapokei. Ananiandikia tu, simu ya mama imeharibika, tutaongea Jumapili. Kuko kitu unajua?"

"Nijue nini mimi? Ni mtandao tu huo. Kwenu kila siku mtandao."

"Sasa nikubali, ao nikuje leo? Sema wewe. Ukisema nikuje, nakuja saa hii, boti nitaosha siku ingine."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala. Ningeweza kusema njoo. Neno moja. Angeuliza kwa nini, na mimi si hodari wa kudanganya nikiulizwa mara ya pili, angelijua jibu palepale, amesimama kwenye ubao wa utelezi, maji pande tatu, hakuna mtu. Maneno ya Papa Ignace yalinijaa kichwani, nani atamshika. Hilo ndilo ninalojiambia siku ninapojionea huruma. Siku nyingine najua kwamba niliogopa tu. Nilikuwa sitaki kilio kile kianzie kwenye sikio langu.

"Kubali tu," nikasema. "Jumapili si ipo?"

"Haya," akasema, kwa sauti ileile ya mama yake, akakata.

Nilifunga cherehani nikamfuata Papa Ignace dukani anakolinda. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Akampigia Clémentine mbele yangu awaombe wasogeze maziko. Haikuwezekana. Umeme wa chumba cha maiti ulikuwa unakatika, joto kali, na kaburi limeshachimbwa mahali pa juu kwa sababu ya ziwa kupanda, na hata huko likiachwa wazi siku mbili lingejaa maji. Nikamwambia basi tumpigie Léocadie, tumpigie sasa hivi. Akasema simu yake haishiki ndani. Akasema hata ikishika, juu ya maji vile, hapana. Akasema atamwomba Mungu. Alikuwa analia, lazima niliseme hilo, alilia hadharani na sare yake mbele ya wateja.

Jumamosi saa nne tulizika kwa simu. Chumba chetu kilikuwa kimejaa, wanawake wa jumuiya wamekaa kwenye mikeka, simu ya Papa Ignace imeegemezwa kwenye jagi la maji. Picha ilikuwa inakwama na kuendelea. Niliona mgongo wa Clémentine, mchanga mwekundu, watu wamefunga vitambaa, na kwa mbali kitu cha bluu kilichokuwa ziwa. Watoto waliitwa mmoja mmoja kutupa udongo. Kisha Clémentine akainama tena, akachukua udongo mara ya pili, akaita kwa nguvu, "Léocadie!" akautupa. Wanawake wa chumbani wakaitikia kwa kilio. Saa ileile mwenye jina alikuwa amepiga magoti juu ya mbao za watu, anasugua utelezi, ili watoto wa watu wasianguke.

Baada ya hapo wakaanza kutoa vitu. Meza, kabati la vyombo, kitanda changu. Kitanda cha Léocadie nilikishika mimi na mwanamke mmoja aitwaye Victoire. Nilipokinyanyua nilikumbuka vile vitanda saba. Nikataka kusema tukisukume tu pembeni, jamani, tukisukume. Lakini hapa sababu ilikuwepo. Tukakitoa ukumbini, tukakisimamisha ukutani, mbali kidogo na ngazi.

Mbali kidogo haikutosha. Alifika jioni ya saa kumi na moja, jua bado liko kwenye dirisha la ngazi. Papa Ignace na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni kumpokea. Alikuwa amebeba mfuko wake mweusi na kwapani chupa ya lita mbili, ya soda, imejaa maji yenye rangi kidogo ya chai. Alipanda akihema, akiangalia miguu yake. Alipoinua uso hakutuona sisi kwanza. Aliona kitanda.

Akakisogelea. Akapitisha kiganja juu ya ubao wake wa kichwani, vile anavyopitisha kwenye samani za Madam kuangalia vumbi.

"Ni mama," akasema. Hakuwa anauliza.

Papa Ignace akaanza maneno aliyoyaandaa siku tatu, juu ya Bwana aliyetoa. Léocadie akamkatiza.

"Siku gani?"

"Jumatano, mwanangu."

"Na kuzika?"

"Leo. Asubuhi."

Alihesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kisha akaniangalia mimi, moja kwa moja, juu ya bega la Papa Ignace.

"Uliniambia nikubali."

Nguvu zikamwishia. Mikono sita ikamdaka, wanawake walikuwa wameshatoka chumbani. Wakamshusha polepole mpaka kwenye mkeka. Kwa hilo Papa Ignace alikuwa sahihi kabisa, alishikwa vizuri, hakuumia hata kiwiko. Chupa ilibiringika mpaka kwenye ngazi ya kwanza, mimi nikaifuata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walijaa tangu asubuhi, nyimbo, chai, mikate. Saa kumi kasoro kidogo Léocadie akaomba beseni. Nikaleta lile la bluu tunalooshea mchele. Akafungua chupa, akamimina maji yote ya Madam ndani, na vijani viwili vya magugu vikaelea juu. Akaweka simu yake mbele ya beseni, akakaa akiitazama. Nyimbo zikakatika moja kwa moja. Nilitamani ardhi ya ghorofa ya tatu ipasuke.

Saa kumi kamili simu ikaita. Ilikuwa Clémentine.

Uso wake ulikuwa umevimba. Hakusalimia. Alisema ana ujumbe, alikuwa anangoja saa hii aliyoipanga mama. Jumanne jioni, akasema, mama alihisi Jumapili iko mbali. Akaagiza maji kutoka ziwani, akapakata beseni, akasema mpigieni. Wakapiga mara mbili. Simu ilipokosa kupokelewa, mama akaomba picha ya Léocadie iliyo ukutani, ile ya ubatizo wa mtoto wa Clémentine. Akaishika magotini, akachota maji kwa kiganja, akaifuta uso. "Akasema, nenda, urudi," Clémentine akasema. "Yaya," akamwita, vile kwao wanavyomwita dada mkubwa, "nilisikia kwa masikio yangu. Ulinawishwa."

Chumba kizima kikasema amina. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakikatiza katikati. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru, nikasema moyoni basi, ameipata, tumeokoka.

Léocadie hakugusa maji.

"Clémentine," akasema taratibu. "Simu ya mama iliharibika?"

Clémentine akageuza macho pembeni.

"Uliniandikia mara tatu. Simu ya mama imeharibika. Iliharibika?"

"Yaya, hapana. Papa Ignace alisema..."

"Mama Bushra alisema ni mtandao. Wewe ulisema ni simu. Siku tatu kila mutu alikuwa na yake ya kuniambia." Sauti yake haikupanda. "Sasa hii ya picha, nitajua namna gani?"

Clémentine akaapa. Akaapa kwa kaburi, kwa watoto wake, akageuza simu ili picha ionekane ukutani, lakini picha ya fremu ina kioo, na kioo kikifutwa kwa maji hakionyeshi chochote. Papa Ignace akajitosa, akasema ndiyo, Clémentine alimwambia hivyohivyo tangu Jumatano. Léocadie akanigeukia.

"Ni kweli?"

Mimi nilikuwa sijui. Papa Ignace hakuniambia habari ya picha hata siku moja. Inawezekana alisahau. Inawezekana waliitunga asubuhi ileile kwa kumhurumia, maana watu wanaoweza kuficha kifo kwa huruma wanaweza pia kutunga baraka kwa huruma. Mpaka leo sijui.

"Ni kweli," nikasema.

"Wewe tena," akasema Léocadie. Akanyanyua beseni akaenda kulimwaga chooni, na tulisikia maji yakishuka.

Matanga yaliisha, kitanda kikarudi dirishani. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, mimi ni mtu wa kelele, kelele ningeijibu. Alikaanga dagaa, akaacha dirisha wazi. Alipunguza redio kabla sijamwomba. Miezi kadhaa tuliishi kwa adabu kama wageni wawili katika nyumba ya kulala wageni, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nasikiliza pumzi zake, nikijua hajalala.

Mwaka huu mipichi imechanua mapema. Wiki iliyopita Madam alirudi akapiga simu, na Léocadie akaenda, kwa sababu mifereji ya paa haijui nani amefiwa. Nilimsindikiza mpaka chini, nikambebea mfuko. Pale kwenye cherehani yangu alisimama. Simu yangu ilikuwa juu ya meza inaita, ni Tanga, Bushra, na mimi niliiangalia tu kwanza, kama ninavyofanya siku hizi kila inapoita kutoka nyumbani. Mama yangu ana miaka sabini na minane na sukari.

Léocadie aliona ninavyoiangalia.

"Mama Bushra," akasema, "siku mama yako atakufa, kama mimi ndiye nitajua wa kwanza, nitakuambia palepale. Hata ukiwa katikati ya barabara. Hata kama hakuna mutu wa kukushika."

Nilimtazama usoni nijue ni msamaha au ni kisasi, sikuweza kujua, na nadhani hata yeye hakujua. Alichukua mfuko wake mkononi mwangu.

"Niambie," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara kwenda kutafuta teksi. Mimi nikapokea simu.